Soksi ya Mkono wa Kushoto

Benchi letu liko Mandewa, mbele ya kibanda cha mashine ya kusaga ambayo haisagi tena. Lina miguu mitatu ya mti na mmoja wa tofali. Othmani huweka jiko lake la mkaa upande usio na upepo, birika juu, vikombe ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye bakuli lenye mfuniko. Mimi ni Laurian, lakini hapa naitwa Gundi, kwa sababu nabandika na kushona viatu pembeni ya benchi na sibanduki toka asubuhi mpaka jua lizame. Mwalimu Antipasi alistaafu ualimu wa shule ya msingi baada ya miaka thelathini na moja, na jina la Bakora alipewa na wanafunzi ambao sasa wana wajukuu. Moses wa bodaboda tunamwita Sateliti, maana kila habari ya mjini inapitia kwake, na ikipita inatoka imenenepa. Wa tano ni Emilian, fundi cherehani, bingwa wa drafti, ambaye mwezi wa tatu, alizeti zikiwa kwenye maua, alianguka dukani kwake mkasi ukiwa mkononi. Alipotoka hospitali maneno yalikuwa yamerudi, yanatoka polepole, na mguu unaburuta lakini unakwenda. Mkono wa kulia ndio ulibaki umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

Miezi mitatu tulimhudumia, hata kwa yale ambayo mkono wa kushoto ungeyaweza. Akija tunamsogezea mahali. Othmani anapooza kahawa na kumnywesha. Kashata anakatiwa vipande. Kwenye drafti anatuonyesha kwa kidevu kizibo cha soda anachotaka kisogezwe, tunakisogeza, na bado anatufunga. Wote tulikuwa tunajiona watu wema.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi na upepo wa Singida vikiwa vimekaza, Emilian akaja na mkewe Damari. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umevishwa soksi nene ya sufi, imefungwa kwa utambaa kwenye kiwiko cha mkono.

Sateliti akawa wa kwanza.

— Shikamoo mzee Emilian. Huo mkono umeungua?

— Marahaba. Haujaungua.

— Umeng'atwa?

— Haujang'atwa.

— Basi ni nadhiri, akasema Sateliti, akitugeukia. Kuna watu wanaweka nadhiri ya mkono. Nilisikia kuna mmoja Manyoni, hakunawa mkono mwaka mzima.

Damari hakucheka. Ni mwanamke mwembamba, anaongea bila kupandisha sauti, na mtu unajikuta umesogea ili umsikie.

— Mashemeji, nisikilizeni mara moja, halafu niende shambani. Daktari wa mazoezi kasema mkono wa kulia haujafa. Umejifunza kukaa. Kila akiujaribu, kitu kinaanguka, anaona aibu. Akiuacha na kutumia wa kushoto, au akinyamaza tu akatutazama, anapata anachotaka. Hiyo ni miezi mitatu ya kufundishwa, na walimu ni sisi.

— Sisi tunamsaidia, akasema Othmani.

— Ndiyo. Na mkono umeshajua. Sasa wa kushoto utakuwa kwenye soksi kuanzia chai ya asubuhi mpaka saa nane. Kahawa yake wekeni hapa, kulia kwake, kikombe kizito, kiwe kimejaa nusu, na kahawa iwe imepoa. Msimnyweshe. Akisogeza hata kidole kimoja kuelekea kikombe, msifuni papo hapo. Msingoje kesho kumwambia jana ulifanya vizuri. Papo hapo.

— Yeye mwenyewe kakubali? nikauliza.

Emilian akajibu kabla yake.

— Nilikubali hospitali. Hospitali mtu anakubali kila kitu.

Damari akaondoka na jembe lake. Tukabaki tunautazama ule mkono wa soksi kama mgeni ambaye hatujui lugha yake.

— Mimi sijaelewa, akaanza Mwalimu Bakora. Mkono ni kama mwanafunzi mvivu. Unaona umemtia soksi mwanafunzi anayefanya kazi, na mvivu unamngoja umpigie makofi. Wapi na wapi? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mvivu anachapwa!

— Utauchapa mkono wa mgonjwa, Mwalimu? akauliza Othmani.

— Sijasema nitauchapa. Nasema kanuni.

— Kanuni ni pikipiki, akasema Sateliti. Pikipiki ukiizoesha kuwaka kwa kusukumwa, haitawaka kwa kiki mpaka kiama. Ndiyo shemeji alichosema. Bibi yangu Kilimatinde alikuwa anagonga mkebe ndipo anawamwagia kuku mtama. Kuku wakishasikia mkebe, mbio. Bibi kafariki, tuko matangani, mama mmoja wa jikoni kaangusha mfuniko wa sufuria, ngwa! Kuku wote wakaingia katikati ya waombolezaji. Mchungaji alikuwa anasoma, akapandiwa na jogoo begani.

— Sasa hiyo inauhusu vipi mkono? akauliza Bakora.

— Mkono nao ni kuku.

— Wahenga wamesema, mkono mtupu haulambwi, akasema Othmani kwa uzito, kana kwamba hapo neno limeisha.

— Hiyo ni ya mambo mengine kabisa, Othmani, akasema Bakora.

— Lakini mkono si mtupu? Uko mtupu. Kikombe hakimo.

Emilian alikuwa anatazama kikombe. Kilikuwa kulia kwake, umbali wa shibiri moja. Bega lake likapanda. Kiwiko kikasogea. Mkono ukaanguka juu ya benchi kama mfuko wa chumvi, ukagonga kikombe, kahawa ikamwagika kwenye suruali yake.

Hakuna aliyesifu. Tulikuwa tumeambiwa tusifu, lakini nani angesifu suruali iliyolowa? Othmani alichukua kitambaa akamfuta. Emilian akaurudisha mkono mapajani kwa kuuvuta na ule wa soksi, na siku hiyo hakujaribu tena.

Wiki mbili zilikwenda hivyo. Akija, kikombe kinawekwa kulia, kinapoa, kinamwagwa. Sateliti alikuwa akipiga kelele za kusifu hata Emilian akijikuna.

— Safi sana mzee! Umeona, kidole kimecheza!

— Ni nzi, alisema Emilian.

Othmani naye alikuwa na hoja yake, na kila siku aliirudia.

— Nisikilizeni mimi mfanyabiashara. Zamani nilikuwa natoa kashata ya bure kila Ijumaa. Mkaja wote Ijumaa, siku nyingine hamuonekani. Nikabadilisha. Natoa bure siku yoyote, bila kutangaza, leo huyu, kesho yule. Mkaanza kuja kila siku.

— Kumbe ulitufanyia hivyo? akauliza Bakora.

— Mpaka leo nafanya hivyo.

Bakora akatazama kashata iliyokuwa mkononi mwake, akaendelea kuila.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Saa saba hivi Othmani huenda msikitini kuswali adhuhuri. Bakora huenda kwake kula. Sateliti anakuwa na abiria. Tunabaki mimi na Emilian na birika. Siku ya tatu ya soksi, Emilian hakuniomba. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akakitazama kikombe. Nilikuwa na kiatu cha mtoto wa shule mapajani kwangu, gundi bado mbichi. Nikakiweka chini, nikanyanyua kikombe, nikamnywesha. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na shukrani kiasi kwamba nilirudi kwenye kiatu changu najisikia mtu mkubwa.

Sikumpa kila siku. Siku nyingine kazi ilikuwa nyingi, sikuinua kichwa. Siku nyingine nilimwogopa mkewe. Siku nyingine nilimpa. Nilidhani kwa kupunguza nafanya dhambi ndogo.

Wiki ya tatu Damari alikuja saa tano, hakuwa na jembe. Alisimama mbele ya benchi. Emilian siku hiyo alikuwa amebaki nyumbani, kichwa kinamuuma.

— Kuna mtu anamnywesha, alisema.

Akakaza kanga yake kiunoni.

— Nyumbani nikimwekea uji hajaribu. Anakaa. Akiingia mgeni anamtazama machoni, akitoka anamtazama mwingine. Anatafuta. Mtu hatafuti kitu ambacho hajawahi kukipata.

— Ni Sateliti, akasema Bakora. Vijana hawana nidhamu.

— Mimi? Mwalimu, mimi saa zote niko barabarani! Shemeji, mimi naona ni huo upepo. Upepo wa mwezi wa sita unaingia kwenye mishipa, mkono unagoma. Au mkono wenyewe umesusa. Fikiria, miaka arobaini unashona suti za watu, mwenzako wa kushoto anashika kitambaa tu, halafu leo yeye ndiye anavishwa soksi ya sufi, wewe uko uchi kwenye baridi. Wewe ungefanya kazi? Mimi ningesusa.

— Avishwe soksi zote mbili basi, akasema Othmani.

— Hapo umeongea!

— Au ni jicho la hasidi, akaendelea Sateliti, akishika kasi. Mzee Emilian alikuwa anafunga watu drafti vibaya. Kuna mtu wa Kiomboi alifungwa michezo kumi na moja mfululizo, aliondoka bila kuaga. Mimi nilimwona uso. Ule uso si wa bure.

Nilikuwa nabandika kisigino. Kisigino kilishashika zamani, nikaendelea kukikandamiza.

— Ni mimi, nikasema.

Wote wakanigeukia. Bakora akavua miwani.

— Wewe Gundi? Usiyesema kitu?

— Mimi. Mnapoondoka saa saba. Si kila siku.

Nilitegemea Damari anitukane. Afadhali angenitukana. Akakaa kwenye benchi, mahali pa mumewe.

— Shemeji, ungekuwa unampa kila siku, lisingekuwa jambo kubwa. Siku ukiacha, angejua mlango umefungwa, angetafuta njia nyingine. Lakini wewe unampa leo, kesho humpi, keshokutwa humpi, mtondo unampa. Umemfundisha kungoja. Sasa hata ukiacha leo, atakaa mwezi mzima anakutazama, maana anajua siku yake ipo.

— Nilimhurumia.

— Najua. Mimi simhurumii? Mimi ndiye nalala naye.

Akanyanyuka. Kabla hajaondoka aliniambia tena:

— Na ukiacha, atakuwa mbaya kwanza. Daktari kaniambia. Itakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri. Usirudi nyuma wakati huo, shemeji. Ukirudi wakati amekuwa mbaya, umemfundisha ubaya.

Alipokwenda, Sateliti akasogea karibu nasi.

— Jamani, akasema. Hii si habari ya mkono tu. Hii ni habari yetu wote. Sisi watu wa Singida tunalima alizeti, mvua inakataa. Mwaka unaofuata tunalima, inakataa. Tunalima tena. Kwa nini? Kwa sababu kuna mwaka mmoja ilinyesha! Ingekataa miaka yote tungekuwa wavuvi. Mvua inatufanyia kama Gundi.

— Usilinganishe mvua na Gundi, akasema Othmani. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu.

— Nasema kanuni, Othmani. Kama Mwalimu.

Emilian alirudi siku ya pili yake. Saa saba wenzangu wakaondoka, safari hii wakigeuka nyuma kunitazama. Kikombe kilikuwa kulia kwake. Akakitazama, akanitazama. Nikashona. Nilihesabu tundu za sindano ili nisiinue macho.

Siku iliyofuata akasema:

— Gundi. Kidogo tu.

— Jaribu mwenyewe, rafiki yangu.

— Kidogo.

— Siwezi.

Siku ya tatu akaja uso umekunjamana tangu mbali. Hakungoja wenzetu waondoke.

— Mkeo alipofariki, akasema, polepole, kila neno likitoka peke yake. Nilikaa kwako siku saba. Nililala kwenye mkeka. Nilikulazimisha kula. Kwa mkono huu. Leo unaninyima kahawa.

Ilikuwa kweli. Siku zile saba nazikumbuka, na ugali ule naukumbuka. Mkono wangu ulikwishaanza kwenda kwenye kikombe, na Bakora akaona. Akaweka kiganja chake juu ya wangu, bila nguvu, akakiacha pale.

— Sikuombei njaa, Emilian, nikasema. Nakuombea mkono.

Emilian akakipiga kikombe kwa mkono wa soksi. Kikaruka, kikavunjika kwenye tofali la benchi. Kahawa ikaingia ndani ya viatu vya wateja wangu, jozi nne. Akanyanyuka, akaondoka akiburuta mguu, hakutaka kushikwa.

Siku tisa hakuonekana. Benchi likawa refu.

— Tumempoteza mtu kwa ajili ya soksi, alisema Othmani.

— Shemeji alisema itakuwa mbaya kwanza, nikasema.

— Kwanza ni siku ngapi? Siku moja ni kwanza. Siku tisa?

— Mimi ningemchapa, akasema Bakora, lakini sauti haikuwa na nguvu. Halafu akaongeza, akitazama barabara: Niliwachapa wengi. Waliacha kuchelewa, hiyo ni kweli. Walijifunza kupitia dirishani.

Sijui kama alikuwa anatuambia sisi.

Siku ya kumi Emilian akatokea. Soksi mkononi. Akakaa mahali pake, hakunisalimu, akasema na Bakora:

— Panga drafti.

Bakora akapanga vizibo. Yeye Pepsi, Emilian Fanta. Sateliti akanyoosha mkono kusogeza kizibo cha Emilian kama tulivyozoea, na Bakora akampiga kidogo vidoleni.

— Acha. Kila mtu anacheza chake.

— Hawezi, Mwalimu.

— Basi tutakaa.

Tukakaa. Nadhani ilikuwa kama robo saa. Abiria walimpigia Sateliti simu mara mbili hakupokea. Emilian alikuwa anauona mchezo. Macho yake yalikuwa tayari yamekwenda hatua tatu mbele, nilimfahamu. Kuuona na kutousogeza kulikuwa kunamuuma kuliko kiu ya kahawa. Bega likapanda. Mkono ukaja juu ya ubao, vidole vimekunjwa, ukashukia kwenye vizibo na kuvitawanya viwili vitatu. Kimoja, kile alichokuwa anakitaka au kingine, kikasogea nyumba moja.

— Vizuri, akasema Bakora.

Alisema hapo hapo, kabla Emilian hajauondoa mkono. Emilian akainua uso.

— Umesema nini, Mwalimu? akauliza Sateliti.

— Nimesema vizuri. Kwani mnataka niimbe?

Akavirudisha vizibo vilivyotawanyika, akakiacha kile kimoja mahali kilipokwenda. Akacheza chake. Akangoja tena.

Mchezo ule mmoja ulichukua asubuhi nzima. Emilian alifungwa, mara ya kwanza tangu nimjue, na hakukasirika. Kesho yake akaja mapema kuliko Othmani.

Sasa Bakora akawa mtu mwingine, au akawa mwalimu. Wiki ile ya kwanza mkono ukigusa kizibo tu, vizuri. Wiki ya pili kugusa hakukutosha, mpaka kisogee. Sateliti alipotaka kushangilia mguso, Bakora alimkazia macho.

— Huo alishaufaulu. Unamshangilia darasa la kwanza mtu wa darasa la pili?

Wiki ya tatu kisogee kwenda nyumba sahihi. Wakati mwingine mkono ulichoka na kurudi nyuma, na Bakora alirudi nyuma nao, akadai kidogo, akasifu kidogo. Tulijifunza kunyamaza mkono ukishindwa. Hilo lilikuwa gumu kwetu kuliko kusifu. Othmani ulimi ulikuwa unamwasha kusema pole, na pole ilikuwa imepigwa marufuku.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema siku moja ili asiseme pole.

— Leo umepatia, akasema Bakora. Vizuri.

Othmani akatabasamu mpaka jioni.

Mimi na Emilian tulianza kusalimiana tena bila mtu kusuluhisha. Siku moja alinipa kiatu chake nikishone, basi.

Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, Othmani aliweka kikombe kulia kwake kama kawaida, na tukaendelea kubishana kuhusu kitu kingine, nadhani asali ya Itigi. Nikatupa jicho upande wa kikombe. Emilian alikuwa amekizungushia kikombe vidole vinne na gumba. Kilikuwa kinatetemeka. Kikapanda. Kikasimama njiani, kwenye kifua. Shingo ikashuka kukipokea. Akanywa. Nusu ilikwenda kidevuni, nusu ilikwenda ndani. Akakirudisha kikombe kwenye benchi, kikasimama.

Tulipiga makofi kama watu waliorukwa akili. Sateliti alipiga honi ya pikipiki mpaka mama wa genge akatoka na mwiko. Othmani alikuwa analia na kucheka. Bakora alisema vizuri mara nne.

Katikati ya kelele hizo akaja mwanamke, begi begani, vumbi la safari kwenye viatu.

— Hodi hapa. Naitwa Jenipher, natoka Kiomboi. Namtafuta fundi Emilian, dukani kwake pamefungwa.

— Ni huyu! akasema Sateliti kwa fahari. Amekunywa kahawa sasa hivi!

Mwanamke akamwangalia Sateliti, kisha akamwangalia Emilian, asielewe.

— Shikamoo fundi. Ulinishonea gauni la kipaimara cha binti yangu, watu mpaka leo wanaliulizia. Sasa anaolewa. Nimeleta kitambaa. Nataka kujua tu litakuwa tayari lini.

Aliuliza kawaida, kama fundi anavyoulizwa. Nikamwangalia Bakora, Bakora akaangalia drafti. Othmani akafunika kashata zilizokuwa tayari zimefunikwa. Miezi miwili tulikuwa tunapima kidole, kizibo, kikombe. Hakuna kati yetu aliyekuwa amepima gauni.

Emilian akaunyanyua mkono wa kulia, akamwonyesha.

— Niliugua, mama. Sijui lini. Sitakudanganya.

Jenipher akautazama ule mkono, na soksi, na kidevu kilicholowa kahawa. Akaelewa yote kwa mara moja.

— Pole sana, fundi, akasema. Nitakuja tena Singida mwezi ujao. Nikikuta bado, nitatafuta mwingine, usinielewe vibaya.

— Ni haki yako.

Akarudisha kitambaa kwenye begi, akaaga. Emilian hakumaliza kahawa. Alinyanyuka, akaondoka, na kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

— Yule mama katuharibia, akasema Sateliti. Miezi yote tunajenga, yeye kaja na neno moja kabomoa.

— Alisema pole, akanung'unika Othmani. Mimi sikuwahi kusema pole.

Siku ya tatu nilifunga kisanduku changu cha gundi nikaenda nyumbani kwake. Damari alikuwa uani anapepeta mtama. Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Nikasimama.

Kutoka ndani ilisikika cherehani. Ile ya zamani, ambayo gurudumu lake liko kulia na linazungushwa kwa kiganja. Lilizunguka nusu, likasimama. Kimya kirefu. Likazunguka tena. Kitu cha chuma kikaanguka sakafuni, nikamsikia Emilian akikitukana, kimya tena, halafu gurudumu.

— Tangu lini? nikanong'ona.

— Tangu juzi alfajiri. Aliniomba nimvutie mashine karibu na dirisha, akanifukuza.

— Anashona nini?

— Vipande chakavu. Mshono unakwenda kama njia ya mbuzi. Anafumua, anaanza upya.

— Umemsifu?

— Hata mara moja. Naogopa nikiingia ataacha.

Nilikaa pale mpaka gurudumu lilipozunguka mara tano bila kusimama. Nikarudi kwenye benchi bila kubisha hodi.

Wenzangu walinizunguka. Nikawaeleza nilichosikia, sikuongeza.

— Nani yuko naye? akauliza Othmani.

— Hakuna.

— Anapigiwa makofi na nani? akauliza Sateliti.

— Hakuna mtu.

Mwalimu Bakora alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Aliuliza kwa kutaka kujua kabisa, kama mtoto wa dawati la mbele:

— Hakuna anayemsifu, na hakuna anayemchapa. Sasa nani anamfundisha?

Sateliti akatazama njia iendayo kwa Emilian. Mimi nilitazama mikono yangu yenye gundi. Othmani alituangalia mmoja mmoja, akanyanyua birika ili atumiminie tufikiri vizuri, akaliinamisha. Yakatoka matone mawili na masimbi ya kahawa.